Mfuniko wa Wifi Cheche

Kuna watu wakija kukutembelea huanza na hodi, wakaendelea na habari za nyumbani, wakamalizia na chai. Wifi Cheche hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye akifika kwa kaka yake, kabla hodi haijaitikiwa ameshainama kwenye bawaba ya mlango, anaitikisa. "Hii inalia," atasema, na bisibisi imeshatoka mfukoni. Akimalizana na bawaba anapita jikoni, anakamata sufuria yenye mpini uliolegea, anaukaza. Hapo sasa ndipo anapokumbuka kuuliza, "Hamjambo lakini?"

Tabia hiyo ilimkera mke wa kaka yake mpaka kooni. Mke huyo alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, mwanamke nadhifu asiyependa kitu chake kiguswe bila ruhusa, na kila skrubu iliyokazwa nyumbani kwake aliihesabu kuwa tusi. Kumbe nyumba yangu mbovu, siyo? Mara ngapi alimwambia mumewe, "Dada yako akija asalimiane na mlango kwanza, mimi nitangoja zamu yangu." Mume alikuwa dereva wa masafa marefu, mtu wa amani zake, na alimwogopa dada yake kuliko trafiki. Alikuwa anacheka kidogo kisha anatoka nje kwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Basi angekuja mtu amwambie mtunza stoo kwamba siku moja atamsifu wifi huyo, tena amsifu mpaka sifa zenyewe zilete balaa, angemwona amerukwa na akili. Lakini yalitokea, na yalianzia kwenye kifua cha mama.

Nyumba yao na kiwanda viligusana mgongo. Ukuta mmoja tu: huku kamba ya kuanikia nguo, kule tangi la thina. Thina ndiyo ile inayolainisha rangi na vanishi, na ujanja wake kila mpaka rangi anaujua. Ukiacha kopo wazi asubuhi, jioni unakuta kopo. Haikumwagika, haikuchuruzika, imejiondokea hewani bila kuaga.

Tangi lenyewe lilikuwa na paa, usije ukadhani lilikaa wazi kama karai. Tatizo halikuwa paa, lilikuwa nafasi. Likijaa pomoni, thina inakaa karibu na paa na haina pa kutorokea. Lakini kiwanda kinachota kila siku, thina inashuka, na juu yake inabaki nafasi tupu. Hiyo nafasi thina inaijaza kwa mvuke wake. Jua likiwaka, mvuke unatanuka na kutoka kwenye bomba la kupumulia. Halafu lori la thina linakuja kujaza, na hapo ndipo penye msiba, maana thina inayoingia kwa chini inausukuma mvuke wote utoke kwa juu. Tangi linabeua. Mbeuo wake unavuka ukuta, unapita kwenye nguo zilizoanikwa, unaingia dirishani kwa mama.

Mama alikuwa mama mzazi wa dereva na wa Cheche. Siku za kawaida alikohoa kidogo na kusema ni vumbi. Siku ya lori hakuwa na la kusingizia. Alikaa kitini ameshika magoti, anatafuta pumzi kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka kisimani, na mkwewe amesimama nyuma yake anamsugua mgongo bila kujua anasugua nini. Daktari alisema waziwazi: ama harufu iondoke, ama bibi aondoke. Mtoto wa kwanza wa mama, aliyekuwa akiishi mji mwingine, akajibu kwamba chumba kipo, mama aletwe. Chumba kilikuwepo kweli, ghorofa ya juu kabisa, kwenye ngazi ambazo mama angezipanda siku ya kufika na kuziteremka siku ya kubebwa.

"Mimi siendi kuwekwa kabatini," mama alisema.

Mtunza stoo alikuwa na lake moyoni. Aliolewa akiwa yatima, amelelewa na jamaa waliomhesabia tonge. Siku ya kwanza alipoletwa pale, mama huyu alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Umekonda. Ingia." Maneno mawili tu, lakini tangu hapo hakuwa na mwingine wa kumwita mama. Na sasa kila mwisho wa mwezi alikula mshahara wa kiwanda kinachomkaba roho mama huyo. Lilimuuma, na alikuwa hana pa kulisemea.

Meneja wa kiwanda hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza, akachukua chaki, akachora tangi juu ya meza. "Kwenye matangi makubwa ya mafuta," akasema, "wanaweka mfuniko unaoelea. Haukai juu kwenye paa, unaikalia thina yenyewe. Sasa nani atatutengenezea wa tangi dogo kama letu, tena tangi lililochakaa?"

Mtunza stoo alimjua wa kutengeneza. Alimeza mate, akameza na kiburi, akaenda.

Karakana ya Cheche ilinuka chuma kilichoungua. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa juu ya geti, cheche zinamrukia, kinyago usoni. Jina la utani hakulipata bure.

"Wifi, nina shida."

"Mlango?" Cheche aliuliza bila kugeuka.

"Siyo mlango. Ni mama."

Mashine ikazimwa. Cheche akavua kinyago, akafuta benchi kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamkaribisha wifi yake kukaa kabla ya kukaza kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Paa liko juu, thina iko chini, katikati pamekaa mwizi. Tukimnyima pa kukaa ataondoka. Mfuniko uikalie thina kama mtoto mgongoni, mama akiinama nao unainama."

Na kazi aliyoifanya baada ya hapo, jamani, iacheni tu. Tangi lilimaliziwa thina, likaoshwa, likaachwa wazi kupigwa upepo mpaka meneja na mashine yake ya kupimia mvuke aliporidhika. Hata hivyo Cheche alikataa kuwasha moto karibu yake. "Kuchomelea ndani ya tangi la thina ni kujikatia sanda," alisema. Mfuniko wote aliuchomelea karakanani, vipande vipande kama vya keki, kila kipande kina tumbo tupu lililozibwa ili kielee. Vipande vikapitishwa kimoja kimoja kwenye tundu la kuingilia, na ndani akaviunga kwa bolti na spana ya shaba nyeusi isiyotoa cheche. Mtunza stoo alikuwa akichungulia tunduni kwa kisingizio cha kuleta maji ya kunywa. Alimwona wifi yake kwenye mwanga wa taa, amepiga magoti, anapitisha kiganja ukutani taratibu, mzunguko mzima, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Unatafuta nini?"

"Limebonyea. Huku lori liliwahi kuligonga, huku limetoka tumbo. Mfuniko ukibana sana hautashuka, ukilegea sana mvuke utapita pembeni."

Kwa hiyo pembeni mwa mfuniko alizungushia mpira, mirija ya ndani ya matairi ya trekta, iliyojazwa upepo kiasi tu. Mpira utajiachia penye tumbo na kujibana penye bonde. Hakubahatisha. Alikata kipande cha mpira huo, akakilaza ndani ya kopo la thina usiku kucha, asubuhi akakitoa, akakivuta, akakinusa. Kizima. Juu ya mfuniko akafunga waya uliopita kwenye kapi juu ya paa, ukateremka nje ya tangi, ukiwa na kishale chekundu mwishoni. Mambo yake yalikuwa kinyumenyume: mfuniko ukishuka ndani, kishale kinapanda nje. Mtunza stoo akaandika alama kwenye ubao uliosimamishwa nyuma ya kishale ili mtu asome kishale na kujua thina imebaki kiasi gani.

Lori likaja, mfuniko ukainuka na thina yake hadi juu. Mama akakohoa kidogo siku ile, kwa sababu tangi lilianza likiwa tupu na mfuniko umekaa kwenye miguu yake chini, na uvunguni mwake pana nafasi. Lakini kesho yake hakukohoa. Wala keshokutwa. Jua likawaka mpaka bati likawa linalia, na bomba la kupumulia halikutoa kitu. Mama akaanika nguo zake mwenyewe. Akafungua dirisha lililokuwa limefungwa siku nyingi hata likasahau kufunguka.

Sifa sasa. Ukitaka kumjua Mswahili, mpe kitu cha kusifia. Wa kwanza alikuwa mkoroga rangi, mwanamume mwenye mikono ya rangi zote na mdomo usiopoa. "Huyu fundi ametuzibia mwizi mdomo," alikuwa akimwambia kila aingiaye getini, hata waliokuja kuuliza njia. Mtunza stoo naye hakubaki nyuma. Yeye aliyekuwa akinuna kwa skrubu moja, sasa alikuwa anawavuta watu kwa mkono kwenda kuwaonyesha kishale. "Wifi yangu huyo. Dada wa mume wangu, tumbo moja." Alitamka wifi yangu kama mtu anayetaja shamba lake.

Siku za mwanzo kishale kilipanda kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha kikapunguza mwendo. Kisha kikasimama.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana kosa la namna hii hulifanya watu wanaopenda tu. Wangekuwa wanaudharau ule mfuniko, wangeshtuka siku ileile. Lakini walikuwa wameupenda.

"Unaona?" mkoroga rangi alisema, akikitazama kishale. "Tunachota, haipungui."

"Ina maana ile yote ya zamani ilikuwa inaenda hewani," akasema mtunza stoo.

"Tuliibiwa, dada. Tuliibiwa mchana kweupe."

Kuna sauti ndogo ndani ya mtunza stoo iliyouliza: lakini tunachota ndoo kwa ndoo, inawezaje isipungue hata kidogo? Aliisikia. Lakini sifa ni tamu, na mwenye kula asali haulizi nyuki wamekwenda wapi. Badala ya kuchungulia, alichukua simu akampigia Cheche ili amfurahishe.

"Wifi, hongera. Thina sasa haipungui kabisa."

Cheche akauliza, "Haipungui sana, au haipungui?"

"Haipungui. Kishale kiko palepale tangu wiki ile."

"Na mnachota?"

"Kila siku."

"Wifi," sauti ya Cheche ilikuwa imeshuka, "hakuna mfuniko mzuri kiasi hicho. Nakuja. Mwambie mkoroga rangi asichote tone, na mama mtoeni chumba cha nyuma."

Alifika mbio, mafuta mikononi hajanawa. Hakusalimia mtu. Alilikaribia tangi, akalaza kiganja kwenye bati, akaanza kugonga kwa rungu dogo la mbao kutoka juu kuja chini. Ngo, ngo, ngo, utupu. Ngo, utupu. Aliendelea hadi akapiga magoti, na chini kabisa sauti ikabadilika, ikawa nzito. Thina ilikuwa pale, karibu na sakafu. Mfuniko ulikuwa juu, umening'inia wenyewe, umekwama. Na kati yake na thina, chumba kizima cha mvuke.

Meneja, mkoroga rangi na mtunza stoo walisimama nyuma yake. Cheche akasimama, akajifuta magoti.

"Mpira umekunywa thina," akasema. "Usiku mmoja haukutosha kuupima. Umekaa siku zote hizi unakunywa, umevimba, umeng'ang'ania ukuta. Thina imeshuka, mfuniko haukuifuata. Mpira niliuchagua mimi. Nimekosea mimi."

Basi. Hakusema tangi ni la zamani. Hakusema lori liliwahi kuligonga. Hakumtazama wifi yake aliyekuwa anasoma kishale kila asubuhi kwa tabasamu. Mtunza stoo alikuwa amejiandaa kulaumiwa, na tayari alikuwa na majibu yake mdomoni. Yakakosa kazi. Alijiona mdogo, na papo hapo akaona jambo ambalo ule mfuniko ulipokuwa mzima hakuliona: kwamba mtu huyu, mbele ya kitu kilichoharibika, hana muda wa kujitetea, kwa kuwa akili yake yote imeshaingia kwenye kukitengeneza. Ni ileile iliyokuwa ikienda kwenye bawaba. Hakuwa akimtukana mtu. Alikuwa hawezi tu kukiacha kitu kinaumwa.

"Na mimi nilikisifu kishale kilichokufa," mtunza stoo akasema.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akajibu Cheche. "Lakini mimi hata maji sikutia, nilitia mpira." Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu walio matatani.

Mkoroga rangi akapendekeza upepo wa mpira uachiwe tu, mfuniko ushuke. Wazo halikuwa baya kulisikia. Cheche akatikisa kichwa. "Hautashuka, utaanguka. Chuma kizito, kutoka juu hivi, kitoe cheche kwenye mvuke huu? Unataka tuzikwe na tangi?" Meneja akakubaliana naye, akasema kwamba lazima thina iletwe ijae taratibu mpaka iufikie mfuniko na kuubeba, kisha ndipo mpira utolewe kwa juu. Cheche alikuwa na wazo hilohilo. Lakini wote walijua maana yake. Kujaza ni kusukuma mvuke wote ule nje. Tangi lingebeua vibaya kuliko lilivyowahi.

Mama alipelekwa kwa Cheche mjini. Alikwenda bila ubishi, na hilo ndilo lililowatia hofu, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kwenda bila ubishi. Harufu ya siku ya kujaza iliufukuza mtaa mzima uwani. Hata mama aliporudi siku ya tatu, chumba chake kilikuwa bado kinanuka kwenye pazia na godoro, na usiku kifua kikamkaba. Mwanawe wa kwanza akapiga simu. Alikuwa anakuja na gari. Cheche akamwomba asubiri kitu kimoja tu: lori linalofuata. Nikishindwa hapo, alisema, mchukue, sitafungua mdomo.

Mama alimkuta Cheche ameketi kwenye baraza la nyuma, ameinamia ule mpira uliovimba kama mguu wa mgonjwa, ametulia mno. Mama akamwangalia. "Wewe," akamwambia. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Toa hilo dude kwenye baraza langu."

Akalitoa. Na safari hii alitengeneza kwa chuma na si kwa kitu kinachokunywa. Alikata bati jembamba vipande virefu, akavikunja ncha ili viteleze, akavipanga kuuzunguka mfuniko kama watu walioshikana mikono. Nyuma ya kila kibati aliweka springi, aliyoing'oa kwenye makochi mabovu ya ofisi ya meneja, meneja mwenyewe akishika upande wa pili. Springi inasukuma kibati kikalalie ukuta. Penye tumbo kinafuata, penye bonde kinarudi. Palipoachana bati na bati akapitisha kitambaa kizito alichokilaza kwenye thina, na safari hii hakukitoa asubuhi. Alikiacha humo muda wote wa kazi, na kila siku akakitoa, akakipima, akakirudisha. Mtunza stoo alimwona akifanya hivyo hadi siku ya mwisho. Akawa anakuja baada ya kazi kumshikia bati. Hakuna aliyemwomba. Cheche alimwonyesha mara moja tu jinsi ya kushika, kisha akamwachia.

"Una mkono mzuri," alimwambia jioni moja. Mtunza stoo alikwenda nayo sentensi hiyo nyumbani, akalala nayo.

Mfuniko ulipofungwa tena, walichota thina kwa makusudi. Kishale kikapanda. Mtunza stoo hakukiamini. Alipanda ngazi mwenyewe, akachungulia kwa juu kwenye kidirisha cha kioo, akauona mfuniko umeshuka pamoja na thina, umelala sawasawa kama sinia. Kesho yake alipanda tena. Keshokutwa tena. Mkoroga rangi alianza kusifu, akamwambia, "Nyamaza kwanza."

Siku ya lori aliomba ruhusa akabaki nyumbani. Tangi lilikuwa limechotwa hadi karibu na miguu ya mfuniko, yaani hali ileile ambayo zamani ilikuwa mbaya kuliko zote. Alimkuta mama ameketi mlango wa nyuma, amevaa gauni la safari, viatu vimefungwa kamba. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nguo, umejaa, zipu imefungwa.

"Nani amekwambia ufungashe?"

"Nimejiambia mwenyewe," mama akasema. "Nimechoka kuwaona mkinitazama. Lori likija nikikohoa, nakwenda kabatini kwangu, tusilizane. Yule amejitahidi. Sitaki aone nimebebwa mzobemzobe."

Mtunza stoo akavuta kigoda, akakaa karibu yake. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mchana wa kawaida wa kiwanda: malori yanaingia, mengine yanatoka na makopo, honi, geti linaburuzwa, sauti ya mkoroga rangi. Malori ni malori, yananguruma sawa. La thina mama hakuwahi kulijua kwa masikio. Alilijua kwa kifua.

Mtunza stoo yeye alilijua. Lilipoingia aliusikia mlio wa breki zake, akasikia Cheche akimwambia dereva wa lori, "Taratibu, fungua taratibu." Akasikia pampu ikianza kuguna. Akalikamata pindo la kanga yake, akalishika. Hakuthubutu kumgeukia mama. Alitazama kamba ya nguo, shuka moja jeupe, na pumzi yake mwenyewe akaibana, kana kwamba akiibana yeye mwenzake atapata zaidi.

Pampu iliguna na kuguna. Mama akaanza kuzungumza. Akasema shuka lile lilikuwa zuri lilipokuwa jipya. Akasema mwanawe wa kwanza alikuwa akililia kama mtoto wa paka. Akauliza kama wali umeinjikwa. Mtunza stoo akajibu ndiyo, ingawa hakuwa ameinjika chochote. Kule pampu ikanyamaza. Mrija ukaburuzwa, mlango wa lori ukafungwa, breki zikapumua, geti likafunguliwa na kufungwa tena.

Mama akajinyoosha mgongo, akatazama jua.

"Lori lenu leo linachelewa," akasema.

Mtunza stoo akaliachia pindo la kanga. "Limeshaondoka, mama."

Mama hakumwelewa mara moja. Alimgeukia, akamsoma uso. Kisha akageukia ukuta, akainua kidevu, akavuta pumzi moja ndefu kupitia puani, taratibu, hadi mwisho wake, akaikalisha kifuani, akaiachia. Palikuwa na harufu ya sabuni ya shuka.

"Basi nifungulie huu mfuko," mama akasema. "Nguo zangu zinajikunja."

Mtunza stoo akapiga magoti, akaishika zipu, na ikamshinda kuifungua, maana machozi yalikuwa yamemjaa hata haoni ilipo.